Udi Katika Nyumba ya Eda

Chumba kilikuwa kimeungua upande mmoja, kama mkate uliosahauliwa tanurini. Meza imekuwa mkaa, makabati mawili yamebaki mifupa, na vitabu vya hesabu vya maduka na mikahawa ya nusu ya mji vimegeuka uji mweusi uliochanganyika na maji ya zimamoto. Lakini mlango wa ndani, ule unaoingilia nyumbani, haukupoteza hata rangi yake.

Sajenti Riyama Ubwa alisimama katikati ya chumba hicho, pale Kiponda, akageuka huku, akageuka kule. Tangu alipotoa salamu ya sala ya alfajiri alikuwa hajakaa kitako. Chai yake aliinywa amesimama.

"Hebu nisomee tena," alisema.

Koplo Gaudensi alifungua karatasi ya zimamoto. Alikuwa mtu mrefu wa kutoka Songea, mwaka wa pili huu Unguja, na kila alipopita kwenye mlango wa Mji Mkongwe alikuwa akiinama hata pasipohitajika. "Moto ulianza Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri. Mlango wa barabarani ulikutwa umefungwa kufuli kwa nje, zimamoto wakavunja dirisha. Chini ya meza kumekutwa chetezo cha udongo kilichopinduka, chenye makaa na ubani. Chanzo cha moto ni chetezo. Basi, Sajenti. Ndiyo yote."

"Na funguo za kufuli?"

"Anazo mwenye nyumba. Ndiyo maana wanasema moto umetoka ndani."

Mwenye nyumba alikuwa Bi Ummkulthum Borafya, mtunza hesabu. Mwenye duka la vitambaa, mwenye nyumba ya wageni, mwenye tanuri la mikate, kila mtu aliyekuwa na biashara yenye milango miwili na asiyekuwa na uwezo wa kuajiri karani, alimpelekea Bi Ummkulthum risiti zake ndani ya mfuko wa plastiki na kurudi kuchukua hesabu iliyonyooka. Kazi hiyo aliianza kabla Riyama hajaanza skuli. Na miongoni mwa vitabu vilivyoungua vilikuwamo vya ushirika wa wanawake wa Jambiani wanaotengeneza sabuni za mwani. Jumatatu wakaguzi wa mfuko uliowakopesha wangekuja kuvifungua. Leo ni Jumamosi. Mfuko ulishaandika barua polisi: fedha za ushirika hazionekani, na mtunza hesabu amechoma ushahidi.

"Mimi nisamehe nikiuliza," alisema Gaudensi. "Watu wote huku wananiambia huyu mama ni kizuka. Kwetu kizuka ni kitu cha kutisha watoto."

"Huku ni mjane aliye kwenye eda. Mumewe amekufa mwezi uliopita. Anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, havai mapambo, hakai na wanaume wasio maharimu wake, ha..."

Simu yake ililia. Alikuwa Inspekta Hamad, mkuu wa kituo.

"Umeshamchukua?"

"Bado, Afande. Nnakagua."

"Unakagua majivu. Mfuko wamenipigia mara mbili leo. Nataka mama huyo awe kituoni kabla ya Magharibi, atoe maelezo na alale ndani."

"Afande, yuko edani. Tukimtoa mbele ya mtaa kwa gari ya polisi, hata akionekana hana hatia..."

"Najua eda ni nini, Riyama. Mamangu kaikaa. Niletee mtu mwengine basi. Kama hukuniletea mwengine, nampeleka askari wa kike na gari, na wewe utakuwa umenipunguzia heshima bure." Akakata.

Riyama aliitazama simu, akaitia mfukoni, akasema kimoyomoyo, Ya Rabbi, nionyeshe haki niione kuwa ni haki. Kisha akamwambia Gaudensi akakae barazani, kwani yeye hana ruhusa ya kuingia ndani, na akabisha hodi kwenye mlango usioungua.

*

Bi Ummkulthum alikaa juu ya mkeka katika chumba cha nyuma, amejifunga kanga zilizofuliwa mpaka rangi zimekimbia. Mbele yake palikuwa na karatasi mpya na kalamu. Alikuwa akiandika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nimalize safu hii, nisije nikaanza upya."

Riyama alingoja. Miguu yake haikungoja. Ilikwenda mpaka dirishani ikarudi.

"Unaandika nini, na vitabu vimeungua?"

"Duka la vitambaa la Darajani. Nyumba ya wageni ya Shangani nshaimaliza." Bi Ummkulthum aliinua macho. Yalikuwa makavu na mekundu. "Vimeungua vilivyokuwa kwangu. Lakini kinachotoka kwa mtu kimeingia kwa mwengine. Aliyemuuzia tajiri kitambaa anayo yake, benki inayo yake, mwenye gari la mizigo anayo yake. Nawatuma watoto wa ndugu zangu wakapige picha waniletee. Ukichoma kitabu cha hesabu umemnyamazisha mmoja tu. Wa upande wa pili bado anasema."

"Kwa hivyo wewe usingechoma."

"Ningekuwa mjinga wa kazi yangu mwenyewe."

"Hilo wewe unalijua, Bibi. Mkuu wangu halijui. Na hesabu za Jambiani? Kuna kilichopungua?"

"Hesabu za watu ni amana. Mwenyewe yupo hapo ukumbini, ametoka Jambiani tangu asubuhi na wenzake. Yeye akitaka kusema, aseme. Miye siwezi kuanza leo kuvua watu nguo."

"Alhamisi ulifukiza?"

"Nafukiza ubani kila Alhamisi. Baada ya Magharibi, kabla ya kumsomea marehemu Yasini. Moto umetokea Alasiri, miye niko juu ya msala naswali, huku nyuma. Chetezo kilikuwa juu ya rafu, kitupu. Nimewaambia zimamoto, wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba."

"Na funguo za kufuli la nje?"

Aliingiza mkono chini ya mto akatoa funguo mbili ndogo kwenye uzi. "Hizi. Hazijatoka chini ya mto tangu siku ya maziko."

Riyama aliziandika. Mpaka hapo kila jibu lilikuwa likimfunga mama huyu zaidi: chetezo chake, funguo zake, nyumba yake, na ndani hamna mwengine. Alipokwisha kuandika alisema, kwa sauti ya chini, "Bibi, wanataka ulale kituoni leo."

Bi Ummkulthum aliilaza kalamu sambamba na karatasi. "Mume wangu sijamlilia," alisema. "Siku ya maziko watu walikuwa wengi, nikawa nawatazama kama wamekula. Nikasema nina eda nzima ya kumlilia. Ukaja moto. Sasa kila anayeingia humu ananiuliza vitabu." Akachukua tena kalamu. "Kaifanye kazi yako, mwanangu. Nami nifanye yangu."

*

Khairat Kurwa, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa mwanamke mwenye mikono iliyochakaa kwa chumvi na mdomo ambao chumvi haikuuchakaza.

"Nyinyi polisi mnatafuta mwizi ndani ya nyumba ya mwenye kuibiwa," alianza. "Haya, uliza."

"Alhamisi ulikuwa hapa."

"Nlikuwepo."

"Jirani amekuona umeingia kabla ya Alasiri na mkoba umejaa, umetoka mkoba mtupu, na unakimbia. Saa hiyohiyo chumba kinaungua. Mkobani mlikuwa na nini?"

Mdomo wa Khairat ulifungika. Wenzake wawili waliokuwa wamekaa nyuma yake walitazama sakafu.

"Gari ya Jambiani ilikuwa inaondoka," alisema hatimaye.

"Sikuulizi gari. Nakuuliza mkoba."

"Mambo ya wanawake."

"Na mimi nani?"

Mmoja wa wale wenzake aliguna kicheko akakimeza. Khairat alivuta pumzi. "Ukimwambia Bi Ummkulthum, mimi na wewe hatutasalimiana tena. Sote twajua tabia yake. Hapokei kitu cha mteja. Mwaka jana nlimletea pweza, akanirudishia na nauli ya huyo pweza. Basi tulipopata habari ya msiba wake tukakaa, tukasema, huyu hawezi kuoga kwa sabuni za dukani, zinanukia zote. Na zetu tunatia mkaratusi na mchaichai. Tukampikia nyingine mbali, ya mwani mtupu. Nikaingia, nikazipanga nyuma ya pipa la maji bafuni, nikakimbia kabla hajanikamata. Angeziandika. Wallahi angeziandika kitabuni: zawadi, na bei yake."

"Amekwisha kuziona?"

"Anaogea. Anadhani kazinunua mpwa wake."

Riyama alikwenda bafuni. Nyuma ya pipa alikuta vipande vya kijani kibichi vimepangwa kama matofali ya mtoto. Alikichukua kimoja akakinusa. Hakikuwa na harufu yoyote, labda ya mvua kidogo. Akasimama nacho mkononi.

Kizuka hajitii manukato. Ndilo neno alilokuwa anataka kumwambia Gaudensi pale simu ilipomkata, na mpaka sasa lilikuwa limekaa ulimini mwake bila ya kufanya kazi. Wanawake hawa wa shamba wameona hata harufu ya sabuni ni nyingi. Na huyo anayeogea sabuni isiyonukia, chumba chake kimenukia nini?

Alitoka mbio mpaka barazani, akamnyang'anya Gaudensi mfuko wa vielelezo. Ndani, kwenye bahasha, mlikuwa na kipande cheusi kilichookolewa na maji, kisichoungua chote. Zimamoto walikiandika ubani, kwani ni nyumba ya msiba na ni siku ya Alhamisi; wao ni wanaume, na karatasi yao ilitaka neno moja. Naye Riyama alilisoma neno hilo siku mbili nzima asiifungue bahasha. Aliifungua sasa, akaweka pua.

"Astaghfirullah," alisema.

"Nini?" aliuliza Gaudensi.

"Nusa."

Gaudensi alinusa. "Kanisani kwetu wanafukiza kitu kama hiki."

"Kanisani kwenu wanafukiza ubani. Huu si ubani. Huu ni udi, na si udi wa kila siku. Umepikwa kwa sukari na marashi ya mawardi. Huu wanafukiziwa bwana na bibi arusi. Kizuka haugusi."

*

Nyumba ya mbele ilikuwa na roshani iliyokaribia kugusana na ya Bi Ummkulthum, na ndani ya roshani hiyo mlikuwa na Bi Kazija, ambaye magoti yake yalikuwa yamemweka juu miaka mingi na masikio yake yakimshusha mtaani kila siku.

"Shikamoo, Bibi. Alhamisi Alasiri ulinusa kitu?"

"Marahaba. Leo ndiyo mnakuja kuniuliza? Zimamoto walipita hapa wakaniambia, bibi ondoka dirishani. Nlinusa, kwani pua nlizikodisha? Kwanza ulikuja udi. Udi wa arusi hasa, wa kumfanya mtu atafute viatu vyake. Nikajisemea, haya, marehemu hajatimiza arubaini na mjane kashaposwa. Nikastaghfiru. Halafu ndani ya udi ule mna mafuta ya taa, kama mtu aliyetia kitunguu ndani ya chai. Halafu ndipo moshi."

"Mafuta ya taa? Una hakika?"

"Mwanangu, miye nimepikia jiko la mafuta ya taa kabla mamako hajabaleghe."

"Na mlango wa barabarani? Umemwona mtu?"

"Nlikuwa naswali. Nlipotoa salamu udi ulikwisha kuingia. Mtu nimemwona mgongo tu, anapinda kona. Mwanamme, kanzu na kofia, kama wanaume wote wanaotoka msikitini. Aliyechagua saa ile kachagua vizuri."

Riyama alishuka ngazi mbili mbili. Mafuta ya taa yalimwagwa, na udi ukawekwa ili harufu yake ifunike ya mafuta, na pia zimamoto wakute chetezo wasitafute zaidi. Mtu huyo aliujua mtaa, aliijua Alhamisi na ubani wa nyumba ya msiba. Hakujua kutenganisha harufu mbili ambazo mtoto wa kike wa mjini anazitenganisha kabla ya kujua kusoma.

"Amepita mlango wa nje," alimwambia Gaudensi. "Kaingia na kutoka, na kufuli kalifunga nyuma yake."

Gaudensi alikuwa amelitoa kufuli mfukoni analigeuzageuza. "Sajenti, kufuli kama hili nimenunua Darajani, la chumba changu Kikwajuni. Liko vilevile, na jina hilihili. Langu lilikuja na funguo tatu."

Riyama alirudi ndani bila ya kuvua viatu vizuri. Kimoja kilibaki kizingitini.

"Bibi, hili kufuli nani alilinunua?"

"Abdulrazak Nahodha. Siku ya maziko, wanaume walikaa chumba kile, kufuli la zamani likapotea. Yeye ndiye aliyekimbia dukani. Siku ile hakukaa chini. Maji yeye, viti yeye, jeneza kalishika mbele."

"Alikupa funguo ngapi?"

"Mbili." Uso wa Bi Ummkulthum ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayejumlisha safu ndefu. "Sikumuuliza. Nlikuwa na maiti ndani."

"Abdulrazak ni nani?"

Aliyejibu ni Khairat, kutoka mlangoni. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Wakala wetu. Anachukua sabuni Jambiani, anawauzia mahoteli. Ni zaidi ya mwaka tunatoa mzigo mwingi, inarudi pesa kidogo. Bi Ummkulthum akamtaka alete karatasi za mahoteli azilinganishe. Kila siku anasema ameshaleta."

"Ameleta, Bibi?"

Bi Ummkulthum alimtazama Khairat. Khairat alitikisa kichwa kumpa ruhusa.

"Hajaleta hata moja," alisema mtunza hesabu.

*

Njia ya Bububu, ya kwenda kwa Abdulrazak, siku hiyo ilikuwa imejaa, na gari ya polisi haikuwa na king'ora kinacholia. Walipita Mtoni kwa mwendo wa arusi. Riyama alikuwa akigonga kiganja gotini na kusoma dua chinichini. Simu ya Inspekta iliita, akaiacha ikaita.

"Tunaweza kumkuta katupa ufunguo," alisema Gaudensi.

"Anaweza."

"Na udi hauna jina la mtu."

Riyama aligonga goti kwa kasi zaidi.

Nyumba ya Abdulrazak ilikuwa kando ya barabara, na ghala lake la sabuni ubavuni. Mwenyewe hakuwepo; alikwenda sokoni, atarudi sasa hivi. Aliyewapokea ni mkewe, Tabia, mwanamke mnene mwenye haya na vidole vyenye rangi ya kahawia. Harufu iliwapokea kabla yake. Uwani kwake sufuria ilikuwa juu ya mkaa, na rafuni yamepangwa makopo.

"Unapika udi?" aliuliza Riyama.

"Ndiyo riziki yangu, dada. Karibuni. Nina wa arusi, nina wa kujifukizia nyumbani. Unataka wa aina gani?"

Riyama alisita. Alijua anachotaka kukifanya, na alijua kwamba mwanamke huyu hana kosa. Akatoa bahasha. "Nina kipande hiki. Sijui kimepikwa na nani."

Tabia alikipokea, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa, uso ukamng'ara. "Huu wangu. Kimemwagiwa maji hiki, lakini wangu. Unaona hivi vidoa vya rangi ya chungwa? Maganda ya machungwa, nayakausha mwenyewe. Hakuna mwengine Unguja nzima anayeyatia. Mamangu alinifunza." Akakinusa tena. "Na huu ni ule wa juzijuzi, wa bibi arusi wa Chukwani. Nlitia ambari kidogo zaidi. Umeupata wapi? Mzigo wenyewe haujatoka, bado uko kopo lile pale."

"Hujamuuzia mtu?"

"Hata punje. Tena kimepotea kipande, nikawagombeza wanangu bure, maskini, wakaapa."

"Kilipotea lini?"

"Alhamisi. Nlipotoka..." Alisita. Alimtazama Riyama, kisha sare ya Gaudensi aliyekuwa mlangoni, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Kwani kuna nini, dada?"

Gaudensi alikuwa ameshika shada la funguo lililotundikwa msumarini kando ya mlango wa ghala. "Za nani hizi, mama?"

"Za mume wangu," alisema Tabia, na sauti yake ikafifia kabla ya neno la mwisho.

Gaudensi alichagua ufunguo mmoja mdogo, akautia kwenye kufuli la Kiponda. Lilifunguka kwa mlio mdogo, wa adabu.

Hapo ndipo Abdulrazak aliporudi, na mfuko wa samaki mkononi. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu nyeupe, tabasamu la mwenyeji mwema.

"Assalaam alaykum. Polisi kwangu, heri? Tabia, hata maji hujawapa?"

"Waalaykumu ssalaam. Tumekuja kwa ajili ya moto wa Bi Ummkulthum," alisema Riyama.

"La haula. Mama yule kanisikitisha. Na karatasi zangu zote za mahoteli zilikuwa humo, zimeungua zote. Sijui wakaguzi nitawaonyesha nini."

"Mahoteli yanazo zao. Bi Ummkulthum ameshaanza kuwapelekea watu."

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini hapakuwa na mtu nyuma yake. "Ati?"

"Kinachotoka kwako kimeingia kwao. Hukulijua hilo?" Riyama aliliinua kufuli. "Na huu ufunguo wa tatu?"

"Nlisahau kumpa. Siku ya msiba, mambo mengi, mtu husahau."

"Husahau," alikubali Riyama. "Na udi?"

"Udi gani? Mimi namjua yule mama, kila Alhamisi lazima afukize ubani wake. Nlimwambia tangu zamani, utaunguza nyumba."

"Ubani hufukizwa msibani. Huu uliokutwa chini ya meza ni udi wa bibi arusi wa Chukwani. Mkeo kautambua."

Abdulrazak alimgeukia mkewe. Tabia alikuwa amekaa juu ya kigoda, kile kipande kimo mkononi mwake bado, anakitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

"Kumbe mtu mzima hujui ubani na udi," alisema Tabia polepole. "Miaka yote hii unalala ndani yake."

"Mimi ntajua wapi?" Sauti ya Abdulrazak ilipasuka. "Vyote vinafuka moshi, vyote vinanukia." Kisha akasikia alichokisema. Mfuko wa samaki ulimponyoka. "Sikutaka nyumba iungue. Meza tu. Wallahi, nlitaka meza tu."

"Na wanangu nliwagombeza," alisema Tabia.

Gaudensi alimshika mkono Abdulrazak. Riyama alipiga simu, na safari hii Inspekta ndiye aliyechelewa kupokea.

"Nina mtu, Afande. Nina ufunguo, nina udi, na amesema mbele ya mashahidi. Usimpeleke mtu Kiponda."

"Gari ishaondoka," alisema Inspekta Hamad. "Nimekupigia hukupokea. Dereva simu yake haipatikani."

*

Kiponda hapaingii gari. Waliiona ya kituo imeegeshwa mdomoni mwa kichochoro, mlango wake wa nyuma u wazi. Riyama alimwacha Gaudensi na mtuhumiwa, akakimbia. Kutoka juu ilikuwa ikishuka sauti ya Bi Kazija.

"Mchukueni na miye basi. Miye pia mjane, wa zamani, nimekaukia. Au mnataka wabichi tu?"

Askari wa kike wawili, vijana, walikuwa wamesimama barazani hawajui waangalie wapi. Mlangoni walikuwa wamepangana wanawake wa Jambiani, Khairat katikati, mikono wameiweka kwenye miimo. Na nyuma yao, ndani ya giza la ukumbi, Bi Ummkulthum alikuwa ameshavaa buibui. Alikuwa amebeba msala wake kwapani na ile kalamu mkononi.

"Niachieni njia, Khairat," alikuwa akisema. "Serikali haipiganwi mlangoni kwa mtu. Nikirudi nitaimalizia eda, Mwenyezi Mungu anaona."

Mguu wake ulikuwa umeshafika kizingitini.

"Bibi," alisema Riyama, pumzi zimemwisha. "Rudi ndani. Kwisha."

Wale askari walimtazama. Aliwaonyesha kwa kidole gari ya pili, na aliyekuwamo ndani yake. Khairat alishusha mikono. Bi Kazija, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alifunga dirisha.

"Ni yeye?" aliuliza Bi Ummkulthum.

"Ni yeye. Amekiri."

Mama huyo aliutazama mguu wake, akaurudisha ndani. Alifikiri kidogo. "Alimbeba mume wangu bega la mbele," alisema. "Nami nikamwombea."

Msikiti wa jirani ulianza kuadhini Magharibi. Khairat aliitoa ile kalamu vidoleni mwa Bi Ummkulthum, taratibu, kama mtu anavyomtoa mtoto kisu mkononi, naye hakukataa.

"Mna jengine la kuniuliza?"

"Hatuna, Bibi."

"Leo hamna hata mmoja wa kuniuliza vitabu?"

"Hata mmoja."

"Basi nifungieni mlango," alisema.

Riyama aliuvuta mlango mpaka ukagusa mwimo. Alikuwa hajakiachia kishikio aliposikia, nyuma ya mbao zile nene, mwanamke mzima anaanza kumlilia mumewe. Akasimama pale na mkono mlangoni, wala hakwenda popote, mpaka adhana ikamalizika.